Maana ya Kicheko: Watazamaji wa Sinema na Mazoea ya Watu wa Unyanyembe

Kitete ni kata ya mji wa Tabora, na hospitali kuu ya mkoa inaitwa kwa jina hilo. Mahali hapo pamo katika nchi ya Unyanyembe, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na nchi za Maziwa Makuu. Richard Burton na John Speke walipofika huko mwezi wa Novemba mwaka 1857, waliwakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha kujenga na kukaa. Bidhaa zote, nguo, shanga na pembe, zilichukuliwa mabegani na vichwani na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 njia ya miguu ilianza kufa, lakini mazoea yaliyozaliwa njiani hayakufa pamoja nayo. Mojawapo ya mazoea hayo ni namna ya kucheka. Jambo hili lastahili kukumbukwa kila inapoandikwa historia ya sinema katika Afrika ya Mashariki, kwa sababu kwa muda wa miaka 30 hivi wakubwa wa serikali na wataalamu wao walitoa hukumu juu ya kicheko cha Mwafrika bila kuuliza kicheko hicho kilifundishwa wapi.

Sinema zilizoleta mjadala huo zaidi ya nyingine ni picha za kuchekesha za Charles Chaplin. Mtu huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1889, akaingia katika kazi ya sinema huko Marekani mwaka 1914. Alijivika suruali pana isiyo kiasi chake, koti la kubana, kofia ndogo ya duara na viatu vikubwa, akashika fimbo, akawa maskini asiye na kwao. Picha zake zilizosifiwa sana ni kama The Gold Rush ya mwaka 1925, City Lights ya mwaka 1931 na Modern Times ya mwaka 1936. Katika picha hizo, na zaidi katika zile fupi za mwanzo, mna kuanguka, kupigana mateke, kurushiana vyakula na kukimbizwa na polisi. Hazikuhitaji mkalimani, kwa kuwa hazikusema neno. Mji wa Unguja ulikuwa na jumba la sinema, Royal, tangu mwaka 1921. Huko bara watu wengi walingoja mpaka zilipokuja gari za sinema, zikionyesha picha usiku uwanjani, bila kiingilio, juu ya kitambaa cheupe.

Fikira za watawala juu ya watazamaji hao hazikuwa za namna moja. Profesa Julian Huxley alisafiri Afrika ya Mashariki mwaka 1929, akawaonyesha picha wanafunzi wa shule, akaona kwamba walizielewa vizuri kuliko ilivyodhaniwa. Baada yake, kuanzia mwaka 1935 hata 1937, Bwana L. A. Notcutt na Meja G. C. Latham waliendesha jaribio la sinema za mafundisho wakiwa na makao yao Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Notcutt alikuwa amefanya kazi katika mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikoanza kufikiri kwamba sinema yaweza kuwatuliza wafanya kazi. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni, na mtengenezaji wake mkuu akawa William Sellers, aliyepata ujuzi wake Nijeria. Sellers aliweka kanuni: picha ya Mwafrika wa shamba lazima iende polepole, isiruke kutoka jambo moja kwenda jingine, wala isiwe na hila yoyote ya mpiga picha, kwa kuwa, kwa maoni yake, macho ya mtu huyo hayajazoea.

Kanuni hizi zilipata taabu mbili. Taabu ya kwanza ni kwamba watu walicheka mahali pasipotarajiwa. Katika picha ya mafundisho mgonjwa akianguka, au mlevi akipepesuka, au mwizi akishikwa na kupigwa, uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Waliosimama karibu na mashine wakaandika kwamba wenyeji hawakufahamu, au kwamba hawana huruma. Taabu ya pili ni Chaplin mwenyewe. Picha zake zilitiwa katika programu ili kuwavuta watu, na kila mahali zilipendwa. Lakini hizo ndizo picha zinazovunja kanuni zote za Sellers. Picha za zamani zisizo na sauti zilipigwa kwa mkono, kwa kadiri ya vipande 16 au 18 kila sekunde. Zikionyeshwa kwa mashine ya sauti ipitishayo vipande 24, watu ndani yake huenda mbio zaidi kuliko binadamu wa kawaida. Basi mtazamaji aliyeambiwa kuwa hawezi kufuata picha ya mwendo wa haraka alikuwa akizifuata zile za haraka kupita zote, tena akacheka kwa wakati wake barabara. Kama kanuni ilikuwa ya kweli, jambo hilo lisingewezekana.

Ili kueleza kicheko hicho, yafaa kurudi kwenye njia ya misafara. Wanyamwezi wana utani na Wazaramo, Wazigua na makabila mengine ambayo nchi zao zilipitiwa na misafara, au ambayo walikutana nayo katika vita na biashara. Msafiri aliyekuwa mbali na ndugu zake alihitaji mtu wa kumpa chakula, kumwuguza, na kumzika akifa. Mtu huyo alikuwa mtani. Mtani ana haki ya kutukana bila kushtakiwa, na kuchukua kitu cha mtani wake bila kuitwa mwizi. Lakini haki hiyo ina deni lake, nalo ni kusaidia wakati wa shida. R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi Amani, aliandika habari za desturi hiyo ya Tanganyika mwaka 1941, na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendelea kuichunguza katika miaka ya 1970.

Mahali ambapo utani huonekana kwa ukamilifu ni matangani. Watu wanalia, maiti yumo ndani, na mtani huingia akiiga mwendo wa marehemu, namna yake ya kukohoa, ubahili wake, ulevi wake. Huweza kuzuia maiti asitolewe, au kujitia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hapana mtu aliyepata kusema kwamba Mnyamwezi au Mzaramo hafahamu maana ya mauti kwa sababu amecheka kaburini. Kila mmoja ajua kwamba kicheko hicho kimewekwa hapo makusudi, ili msiba usiwavunje waliobaki. Watu waliolelewa katika desturi hiyo, wakiona juu ya kitambaa mlevi akianguka au mwizi akipigwa, hawakuwa wamekosa maana. Walikuwa wakimpa mtu huyo kile ambacho mtani humpa mwenzake: aibu yenye dawa ndani yake.

Tena yule maskini wa Chaplin hakuwa mgeni kwao. Katika picha ya mwaka 1915 iitwayo The Tramp, anaonekana akitembea barabarani na kifurushi chake, na mwisho anaondoka peke yake kwa njia ile ile. Mtu wa Unyanyembe aliyeona sura ya namna hiyo aliona jambo alilolijua. Babu yake alikuwa mpagazi, na baada ya wapagazi kwisha, vijana wa Jimbo la Magharibi walikwenda kwa maelfu katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Chama cha wenye mashamba kiliunda ofisi ya kuwaandikisha mwaka 1944. Modern Times ni habari ya mfanya kazi anayefanywa sehemu ya mashine hata anaingia ndani ya magurudumu yake. Haihitaji kuthibitishwa kwamba picha hiyo ilionyeshwa kwa manamba fulani mahali fulani. Yatosha kusema kwamba wataalamu waliodhani maisha ya Mwafrika yako mbali mno na kichekesho cha mjini hawakuyatazama maisha hayo vizuri.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba utani unaeleza kila kitu. Utani una mipaka: mtu hamtanii mkwewe, wala hamtanii asiye mtani wake. Sinema haina mipaka hiyo. Humweka polisi, tajiri na mke wa mtu mbele ya umati, na mtoto wa miaka saba humcheka mtu mzima anayepigwa teke mbele ya babu yake. Kwa mzee aliyelelewa kwa adabu, kicheko hicho kilikuwa na walakini, na si ajabu kama aliona kuna hasara ndani yake. Watawala nao walikuwa na hofu yao wenyewe, kwamba Mzungu akionekana anaanguka na kuchekwa, heshima ya utawala itapungua. Ndiyo maana ukaguzi wa picha uliangalia sana mambo hayo. Hofu hii yajipinga yenyewe. Haiwezekani watazamaji wawe wajinga wasioelewa kichekesho, na papo hapo wawe werevu wa kutosha kuelewa kwamba polisi aliyepigwa teke ni mfano wa mamlaka.

Ushahidi mwingine ulitokea nchini mwenyewe. Mapema katika miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika picha za Kiswahili zilizochezwa na Waafrika, na mojawapo ni Muhogo Mchungu, kichekesho cha mtu wa shamba anayeingia mjini. Mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa amesoma katika shule ya serikali ya Tabora. Mwaka 1962 mtu huyo huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Katika Kongo ya Wabelgiji, Padre Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai vichekesho vya Matamata mnene na Pilipili mwembamba, navyo vilipendwa sana. Mchekeshaji wa Kiafrika alipopata nafasi, hakuhitaji kufundishwa kuanguka.

Hasara kubwa ya historia hii ni kwamba maoni ya watazamaji wenyewe yaliandikwa kwa uchache mno. Taarifa za serikali zinahesabu vichwa na kueleza makelele. Mara chache zinataja neno lililosemwa na mtu aliyekaa chini mchangani. Hortense Powdermaker, katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya mji wa migodi wa Luanshya, alifanya vema kuandika maneno ya watu waliokuwa wakitazama. Kwa upande wa Tanzania, Laura Fair aliwahoji watazamaji wengi wa zamani, akatoa kitabu mwaka 2018. Walioona sinema za uwanjani kabla ya mwaka 1950 wengi wamekwisha kufa, na maoni yao wamekwenda nayo.

Kilichobaki ni kicheko chenyewe, kilichoandikwa na watu waliokihesabu kuwa kosa. Mwanahistoria hana budi kukisoma upya, kama asomavyo barua iliyofasiriwa vibaya na mkalimani. Na mahali pa kuanzia ni huko Unyanyembe, kwa watu wanaojua kwa nini mtani huingia kaburini.