Robert Graves: Mshairi aliyetangazwa kufa, akaishi miaka 69 zaidi

Mwezi Julai 1916, kamanda wa kikosi kimoja cha jeshi la Uingereza alimwandikia mama mmoja wa Wimbledon, London, barua ya rambirambi. Alimweleza kwamba mwanawe, Kapteni Robert Graves, amefariki kutokana na majeraha ya vita huko Somme, Ufaransa. Jina la kijana huyo likatoka gazetini, katika orodha ya waliokufa. Marehemu mwenyewe alikuwa hospitalini, anavuta pumzi kwa shida.

Alijeruhiwa tarehe 20, zikiwa zimebaki siku nne atimize miaka 21. Kikosi chake kilikuwa kikisubiri zamu ya kushambulia karibu na makaburi ya kijiji cha Bazentin, ndipo makombora ya Wajerumani yakaanza kumiminika. Kipande kimoja kilimwingia mgongoni, chini ya bega la kulia, kikatokea kifuani. Kibanzi cha marumaru kikamkwama juu ya jicho. Yeye aliamini kilimeguka kutoka kwenye jiwe la kaburi la mtu. Wauguzi walimlaza kando, pamoja na wale wasio na matumaini. Kesho yake asubuhi, walipokuja kuondoa maiti, wakakuta huyu bado anapumua. Baadaye gazeti la The Times lilichapisha masahihisho, wala halikudai malipo.

Graves alizaliwa mwaka 1895 katika nyumba ya vitabu. Baba yake, Alfred Perceval Graves, alikuwa Mwairishi, mkaguzi wa shule na mshairi. Mama yake, Amalie von Ranke, alikuwa Mjerumani wa ukoo wa wasomi, na jina hilo la von Ranke mtoto alipewa pia. Lilimtesa. Katika shule ya Charterhouse wenzake walimwonea kwa sababu yake, hata akajifunza ndondi ili aheshimiwe. Jeshini nako wapo waliomshuku kuwa ni jasusi, na hali adui waliokuwa wakimrushia makombora walikuwa na binamu zake miongoni mwao.

Huko jeshini ndiko alikokutana na Siegfried Sassoon, mshairi mwenzake wa kikosi kilekile cha Royal Welch Fusiliers. Urafiki wao unastahili kusimuliwa. Mwaka 1917 Sassoon, afisa aliyekwisha kupewa nishani ya ushujaa, alitoa tamko la hadharani kwamba vita vinarefushwa makusudi na kwamba yeye hatapigana tena. Wengi walitarajia ashtakiwe kijeshi. Graves, ambaye hakuwa amepona sawasawa, akamwendea. Akamwapia kwamba wakubwa hawatamfikisha mahakamani kamwe, watamfungia tu kama kichaa, kwa hiyo ni heri akubali kupimwa na madaktari. Kiapo kilikuwa cha uongo. Graves akasimama mbele ya jopo la madaktari kumtetea, na Sassoon akapelekwa hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh. Huko alikutana na kijana mmoja asiyejulikana, Wilfred Owen, akamshika mkono katika ushairi. Bila uongo ule, huenda mashairi makuu ya Owen yasingekuwa kama tulivyoyapokea.

Amani ilipokuja haikumfikia Graves mwilini. Kwa miaka mingi hakuweza kutumia simu, safari za treni zilimtia kichefuchefu, na akikutana na wageni zaidi ya wawili kwa siku moja usiku halali. Alikuwa amemwoa mchoraji Nancy Nicholson mwaka 1918, wakapata watoto wanne na umaskini. Mwaka 1926 alikwenda Cairo kufundisha Kiingereza chuo kikuu, akakaa chini ya mwaka mmoja akarudi. Alikuwa ameambatana pia na mshairi wa Kimarekani, Laura Riding, ambaye mwishowe alivunja ndoa ile. Mwaka 1929 Riding alijirusha dirishani huko London, Graves naye akaruka nyuma yake kutoka ghorofa ya chini zaidi. Wote wawili walipona, ingawa Riding aliumia vibaya uti wa mgongo.

Katika miezi ile ya vurugu ndipo alipoandika, kwa haraka ya ajabu, tawasifu yake Goodbye to All That. Ilitoka Novemba 1929 ikauzika kama njugu, nayo ikamgombanisha na karibu kila rafiki. Sassoon alikasirika kukuta ndani yake shairi lake alilomwandikia kwa faragha, pamoja na habari za nyumbani kwao. Mchapishaji akalazimika kuziondoa sehemu hizo. Rafiki mwingine, Edmund Blunden, alishirikiana na Sassoon kujaza kingo za nakala moja masahihisho na malalamiko yao. Ni kweli kuna mahali Graves alitia chumvi. Lakini vitabu vingi sahihi kuliko hiki vimesahaulika, kwa sababu havikuweza kumfanya msomaji asikie harufu ya handaki.

Fedha za kitabu hicho zilimwezesha kuhamia Deià, kijiji cha mlimani katika kisiwa cha Majorca, Hispania. Alijenga nyumba, akanunua ardhi, akazama kwenye madeni. Ili ayalipe akaandika riwaya ya I, Claudius, iliyotoka mwaka 1934, na mwendelezo wake mwaka huohuo. Shujaa wake ni kaizari wa Roma aliyekuwa kilema na kigugumizi, ambaye jamaa zake walimwona mpumbavu wasione haja ya kumuua. Akabaki hai hadi akawatawala. Graves alimpa Claudius nafasi ya kusimulia mwenyewe, kwa sauti ya mzee mwerevu aliyeona mengi akanyamaza. Alizoea kusema kwamba riwaya ni za kutafutia riziki na ushairi ndio kazi yake halisi. Mimi naona alijidhulumu. Aliyenusurika kwa kudhaniwa hafai kitu hakuwa mtu mgeni kwa kapteni aliyeachwa miongoni mwa maiti. BBC walipoitoa kama tamthilia ya televisheni mwaka 1976, watu ambao hawakuwahi kusoma ubeti wake hata mmoja wakalijua jina lake.

Vita havikumwacha. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilimfukuza Majorca, na alirudi mwaka 1946 pamoja na Beryl, aliyekuja kuwa mke wake wa pili. Katikati ya hapo, mwaka 1943, mwanawe David aliuawa Burma akiwa katika kikosi kilekile cha baba yake. Ni medani ambayo mwaka uliofuata ilipokea askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka kwetu Afrika Mashariki.

Yeye mwenyewe alitaka akumbukwe kwa mashairi ya mapenzi. Yale ya vita karibu yote aliyatoa katika diwani zake za baadaye. Mwanawe William ndiye aliyeyakusanya na kuyachapisha mwaka 1988. Tarehe 11 Novemba 1985, jiwe la kumbukumbu la washairi 16 wa Vita vya Kwanza vya Dunia lilizinduliwa Westminster Abbey, na kati ya hao ni Graves peke yake aliyekuwa hai, kumbukumbu zikiwa zimemtoka. Alifariki Deià tarehe 7 Desemba, akiwa na miaka 90. Akazikwa hapohapo kijijini.

Anayetaka kumjua aanze na tawasifu. Toleo alilolirekebisha mwaka 1957 ndilo rahisi kulipata, ila la 1929 ndilo lenye hasira yote. Afuatishe Claudius, halafu ndipo ayaendee mashairi ya mapenzi, akiwa anajua ni mtu wa namna gani aliyeyaandika.