Mbwa Kali Bila Geti

Pale Woodley, hatua chache tu kutoka Makina, kuna mageti yenye kibao cha MBWA KALI. Mbwa mwenyewe humwoni, unamsikia tu akibweka huko ndani. Makina hatuna vibao. Mbwa kali tunaye, lakini unakutana naye uso kwa uso kichochoroni saa kumi na moja asubuhi, wewe unakimbilia matatu na yeye anarudi kutoka jalalani.

Wetu aliitwa Simba. Mwenyewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yangu wa mlango wa tatu. Alimleta Simba baada ya kuibiwa mashine ya kuchomelea usiku mmoja, mashine aliyokuwa bado anailipia deni. Mchana alimfunga kwa kamba ya manila, usiku akamwachilia. Mwanzoni tulifurahi, maana wezi walipungua. Halafu Simba akaanza kutuhesabu sisi pia kuwa wezi.

Mara ya kwanza nilipoenda kuongea na fundi nilienda na adabu zangu zote. "Mzee, huyu umbwa ananitisha. Jana amenirarua suruali." Akacheka. "Simba hana noma. Wewe ukipita usikimbie." Watu wote wenye mbwa hujibu hivyo. Nilinyamaza, na bado najilaumu, kwa sababu wiki mbili baadaye, Jumamosi, Simba alimng'ata mtoto wa mama muuza maandazi. Mtoto ana miaka sita. Alikuwa ameinama kuokota kifuniko cha soda.

Kelele zilizofuata unazijua. Vijana walitoka na mawe na rungu, na mmoja alikuwa ameshika panga. Simba alijibanza chini ya meza ya kazi ya fundi, na fundi mwenyewe akasimama mbele yake na nondo mkononi.

Hapo ndipo haboba alipotoka. Haboba ni bibi kwa Kinubi, na sisi wapangaji wake wote tunamwita hivyo. Hampendi mbwa hata kidogo. Mate ya Simba yakigusa sufuria yake, anaiosha mara saba, moja kwa mchanga. Lakini alisema, "Mkimuua leo, nani atatuambia kama alikuwa mgonjwa?"

Alikuwa sahihi kuliko sisi sote tuliosoma. Kirusi cha kichaa cha mbwa huingia kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaonyesha dalili. Kwa hiyo mbwa aliyeng'ata mtu akifungwa na kuangaliwa siku kumi, na bado akawa mzima, basi siku ile aling'ata hakuwa na kirusi mateni. Ukimpiga mawe afe, umezika jibu pamoja naye, labda kichwa chake kipelekwe maabara. Na kwa binadamu, dalili zikishaanza, karibu kila mara ni kifo. Ndiyo maana hungoji mbwa ndio uanze dawa. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji ya jerikani, dakika kumi na tano kamili, mtoto akilia. Kituo cha kwanza tulichoenda hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo. Sindano siku hiyo, nyingine siku ya tatu, nyingine ya saba. Pesa ilichangwa kwa M-Pesa, na fundi alitoa nusu bila kuulizwa.

Usiku huo sikulala, nikaanza kusoma. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na kichaa nchini Kenya alipatikana viungani mwa Nairobi mwaka 1912. Wakati huo askari Wanubi wa King's African Rifles walikuwa wameshakaa hapa karibu miaka minane, tangu 1904, na hii ilikuwa kibra kweli, yaani msitu. Askari aliyetumikia miaka mingi alipewa ruhusa ya kuishi na kulima. Mwaka 1918 serikali ikatangaza ekari zaidi ya 4,000 kuwa hifadhi ya jeshi. Ruhusa walikuwa nayo, hati hawakuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya Carter ikaangalia jambo hilo na kuamua kwamba Wanubi ni wapangaji wa Mfalme wa Uingereza kwa hiari yake. Yaani, kaa hapo mpaka tuseme. Na mpangaji wa aina hiyo hajengi kwa mawe.

Sasa linganisha na sheria za mbwa. Kanuni ya Adhabu, ambayo ni ya mwaka 1930, inasema kwenye kifungu cha 243 kwamba mtu akizembea kuzuia hatari inayoweza kutoka kwa mnyama wake, ana kosa. Kaunti ya Nairobi nayo ilipitisha sheria yake ya kudhibiti mbwa mwaka 2015. Sipingi hata moja. Ila ukizisoma ukiwa umekaa Makina unaona mbwa wa sheria ana kiwanja, ana ua na ana geti. Yule wa Woodley, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wazungu, anafaa pale bila shida. Wetu anaishi kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili, na ukuta wa fundi ni ukuta wangu.

Hii haimwondolei fundi lawama. Kamba ya manila haikuwa imekatazwa na Mfalme. Chanjo ya mbwa pia hakuwahi kuitafuta, na hapo nilimwambia wazi, mbele ya wazee. Akasema, "Hiyo ni kweli kabisa." Tulikubaliana: Simba afungwe kwa mnyororo siku kumi, vijana wawili wamwangalie kwa zamu asubuhi na jioni, na hakuna mtu kumrushia kitu. Siku ya nne alikataa chakula, na mama wa maandazi akaja kukaa kwangu kimya, hajui aombe nini. Siku ya tano akala ugali wote na kubwekea paka. Sijawahi kufurahia kelele ya mbwa namna ile.

Siku ya kumi alikuwa mzima. Mtoto alikuwa ameshapata sindano tatu, na daktari akasema inatosha. Simba naye alichanjwa, akiwa amefungwa mdomo kwa skafu ya fundi.

Kilichobaki ni pa kumweka. Fundi alichomelea kizimba cha nondo chenye mlango wa komeo, akaenda kwa haboba kuomba kona iliyo nyuma ya choo. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwapa Wanubi wa Kibra hatimiliki ya jumuiya, ekari 288 kutoka zile elfu nne na ushee. Haboba ana picha ya siku hiyo ukutani. Alikizunguka kile kizimba, akakisukuma kwa fimbo kuona kama ni imara, akasema aweke pale, mbali na anapotandika mkeka wake wa kuswalia.

"Lakini usitie simiti," akamwambia.