Windows XP, mfumo unaotamaniwa urudi

Miongoni mwa mifumo endeshi iliyosimamishwa, Windows XP ndiyo inayostahili kutamaniwa zaidi na watumiaji wa kompyuta vijijini Kenya. Microsoft iliitoa Oktoba 2001. Kumbukumbu ya megabaiti 64 tu ilitosha kuiendesha, ilhali Vista, mrithi wake wa 2007, ilidai 512. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika nchi iliyotegemea kompyuta kuukuu kutoka ng'ambo. Kwa mfano, Magwagwa, katika Kaunti ya Nyamira, iko mbali na Mombasa, ambako nyaya za baharini za intaneti zilifika 2009. Mahali kama hapo, mfumo mwepesi usiohitaji mtandao kila saa ni msaada wa kweli. Mwalimu huandaa mitihani, mhudumu wa duka la intaneti huchapa barua.

Aprili 8, 2014, Microsoft iliacha kuziba mianya ya usalama ya XP. Kivinjari cha Chrome kiliiacha 2016. Kuirejesha ilivyokuwa ni hatari. Njia bora ni ReactOS, mradi huria unaojenga upya mfumo wa kuendesha programu za Windows, ingawa bado uko katika hatua ya majaribio.