Mnada na Jina la Kitu: Vitu vya Kale vya Buhaya na Ushahidi wa Lugha

Neno mnada limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu wito wa sauti. Kunadi ni kuita: mnadi husimama mbele ya wanunuzi, akakitaja kitu, akakisifu, akapandisha bei mpaka asiwepo wa kuongeza. Hata hivyo, historia ya vitu vya kale vya Afrika katika minada ya ng'ambo inaonesha jambo lililo kinyume na maana hiyo. Bei hutangazwa kwa sauti kuu, ilhali jina ambalo wenye kitu walikiita halitajwi kabisa.

Uzito wa jina unadhihirika huko Katuruka, karibu na Bukoba. Wazee wa hapo walisimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi ili wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, nao walionesha mti mkubwa uitwao Kaiija. Jina hilo la Kihaya maana yake ni mahali pa kufulia chuma. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Neno lilikuwa limehifadhi kile ambacho macho hayakukiona, na jembe la mchimbaji lililifuata neno. Lau mabaki hayo yangeng'olewa na kuuzwa pasipo jina wala masimulizi, yangebaki vipande vya chuma na udongo.

Vitu vingi vya Buhaya havikupata bahati hiyo. Kituo cha Kijerumani cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1890, mwaka mmoja tu baada ya serikali ya Ujerumani kuamua kwamba makusanyo ya misafara iliyogharimiwa na dola yapelekwe Berlin. Vingine vilipita kwa maafisa, wamisionari na wafanyabiashara. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji wa Bukoba, yakaupora, kisha yakaondoka. Tena, mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalipoondolewa kisheria, vyombo vya enzi vilipoteza nafasi yake ya kiserikali, na ulinzi wake ukabaki zaidi mikononi mwa koo.

Ngoma ni mfano mzuri wa hasara hiyo. Katika Kihaya, kama katika lugha jirani za Maziwa Makuu, engoma ni chombo cha kupigwa, na pia ni ufalme wenyewe. Orodha ya mnada ikiandika "ngoma, mti na ngozi, Tanzania", haijasema uongo, lakini imeuza nusu ya kitu na kuitupa nusu ya pili.

Soko lenyewe lina majina linayoyathamini. Sanamu ya Kameruni iliyopewa na wageni jina la Malkia wa Bangwa iliuzwa New York kwa dola 29,000 mwaka 1966, katika mnada wa mali ya Helena Rubinstein. Mwaka 1990 iliuzwa tena mjini humo kwa zaidi ya dola milioni 3. Mlolongo wa wamiliki mashuhuri ulikuwa sehemu ya sifa iliyonadiwa. Hiyo ndiyo nasaba ya kitu sokoni: huhesabiwa tangu kilipofika kwa mnunuzi wa kwanza, wala si tangu kilipochongwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti usafirishaji wa vitu hivyo nje ya Tanzania, lakini sheria huhitaji ushahidi. Kinyago cha Wamakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kilinunuliwa Paris mwaka uliofuata na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Asili yake ilibainishwa mwaka 1990, nacho kikarejeshwa mwaka 2010. Ikiwa kitu kilichokwisha kutunzwa katika makumbusho kilichukua miaka 20 kurudi baada ya kutambuliwa, je, kitu kilichotoka katika nyumba ya mzee wa Muleba bila hata mstari mmoja wa maandishi kitadaiwa kwa hoja gani?

Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza. Kitabu cha Hermann Rehse kuhusu Kiziba, kilichochapishwa Stuttgart mwaka 1910, na historia ya Kiziba iliyoandikwa kwa Kihaya na F. X. Lwamgira na kutolewa mwaka 1949, ni hazina ya majina ya watu, vyeo, mahali na vitu. Zikisomwa sambamba na orodha za minada na makumbusho, na kulinganishwa na maneno ya wazee wa Nyanga, Bukoba na Muleba, zinaweza kukirudishia kitu jina lake hata kabla chenyewe hakijarudi. Kamusi ya vyombo vya Kihaya, yenye jina, matumizi na mahali pa kila kimoja, ni hati ya madai isiyohitaji fedha za mnadani. Kinachohitajika ni kuwasikiliza wanaoyajua majina hayo wakingali hai.