Safari ya meli Ziwa Nyasa: Jua utashukia wapi kabla ya kukata tiketi

Ukitafuta boti ya kitalii ya mtoni Mbeya au Iringa, ile ya kupita mji hadi mji ukiangalia mandhari, hutaipata. Mto Kiwira unashuka kwa maporomoko na kupita chini ya Daraja la Mungu karibu na Tukuyu. Ruaha Mkuu nao, ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, umekuwa ukiacha kutiririka wakati wa kiangazi tangu 1993.

Maji ya kusafiria yapo Kyela, kwenye Ziwa Nyasa. Hapo kuna meli, milima imeshuka hadi ufukweni, na kuna bandari ndogo zenye historia kubwa. Ila meli hii ni usafiri wa wananchi, siyo ya watalii. Ukishuka bandari isiyo na barabara nzuri, unaweza kukwama siku kadhaa ukisubiri meli irudi. Ndiyo maana swali la kwanza siyo nauli, ni utatokaje huko utakakoshukia.

Meli yenyewe

MV Mbeya II ilianza kazi 2021. Ilijengwa hapa nchini kubeba abiria 200 na mizigo tani 200. Inatoka upande wa Kyela, kwenye bandari za Itungi na Kiwira, na kushuka kusini hadi Mbamba Bay mkoani Ruvuma.

Kutoka Iringa, basi linapita Mafinga na Makambako hadi Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Hapo unakata kushoto kwenda Tukuyu na Kyela. Barabara ni lami.

Njia ya 1: Kyela hadi Matema (siku 2)

Hii inamfaa mwenye wikiendi tu. Matema ina ufukwe mrefu wa mchanga chini ya Milima ya Livingstone. Walutheri wana mizizi ya muda mrefu hapa, tangu wamisionari wa Berlin walipoingia Unyakyusa mwaka 1891.

Jirani yake ni Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambako wanawake hufinyanga vyungu vinavyouzwa hadi mbali. Vingi huletwa kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo siku ya Jumamosi, kwa hiyo panga ufike siku hiyo.

Faida yake ni kwamba Matema inafikika kwa gari. Meli ikichelewa, unarudi kwa barabara.

Njia ya 2: Kyela hadi Lupingu au Manda (siku 3 hadi 4)

Hapa ndipo mandhari yalipo. Kati ya Matema na Lupingu milima inaingia moja kwa moja majini, na vijiji vimebanwa kwenye vipande vidogo vya ardhi. Kwa wakazi wengi wa huko, ziwa ndiyo barabara.

Lumbila ni moja ya vituo hivyo. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walikuwa na boma lao hapo, wakapaita Langenburg. Baadaye makao yakahamia mlimani Tukuyu, ikaitwa Langenburg Mpya. Mtu anayepita Tukuyu leo na kuliona boma la zamani anaona sehemu ya pili ya hadithi iliyoanzia ziwani.

Usishuke Lumbila bila mwenyeji na bila uhakika wa meli ya kurudi. Shukia Lupingu au Manda. Zote zina barabara ya kupanda Ludewa, na kutoka huko unakwenda Njombe. Ni mlima mkali, hivyo kwenye mvua uliza kwanza hali ya barabara.

Njia ya 3: Kyela hadi Mbamba Bay (wiki 1 na mzunguko wake)

Kama unapenda historia, hii ndiyo ya kuchagua. Kabla ya Mbamba Bay unafika Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri.

Agosti 1914 meli ya Uingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu kwa matengenezo. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani alikuwa hajapata habari kuwa vita imeanza. Tukio hilo huhesabiwa kati ya mapigano ya kwanza kabisa ya majini ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Liuli pia ndipo alipozikwa mmisionari wa Anglikana William Percival Johnson, aliyefariki 1928 baada ya kufanya kazi kandokando ya ziwa hili kwa karibu miaka 50.

Kutoka Mbamba Bay kuna lami hadi Mbinga na Songea. Usiondoke Songea bila kutembelea Makumbusho ya Majimaji, yanayowakumbuka wapiganaji walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Kisha rudi Iringa kupitia Njombe na Makambako, umalizie Kalenga, kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Msimu gani?

Mei hadi Agosti upepo wa kusini huwa mkali na mawimbi hupanda. Siyo jambo la kupuuza: Julai 1946 meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi na kuua zaidi ya watu 100. Machi hadi Mei, Kyela hupata mvua nyingi sana.

Septemba hadi Novemba ziwa huwa tulivu zaidi. Tatizo ni moshi wa mashamba, ambao wakati mwingine huficha milima.

Kabla hujalipa

• Piga simu bandarini au fika mwenyewe. Ratiba hubadilika kwa hali ya hewa na matengenezo, na picha ya ratiba ya mwaka jana mtandaoni siyo uthibitisho. Uliza pia meli inaondokea Itungi au Kiwira.

• Uliza saa ya kuondoka. Ukipita kwenye milima usiku, mandhari umeyakosa. Kwenda kusini milima inakuwa kushoto kwako, na jua la alasiri ndilo linaloimulika vizuri.

• Acha siku 2 za akiba. Usipange kurudi kazini kesho yake baada ya kushuka.

• Beba pesa taslimu, chakula, maji na koti. Usiku ziwani ni baridi.

• Usipande boti ya mbao iliyojaa kupita kiasi au isiyo na majaketi ya kujiokolea, hata kama meli imechelewa na mwenye boti anakuhakikishia ni "hapo hapo tu". Ziwa hili lina kina cha karibu mita 700.

• Kabla ya kuogelea, waulize wenyeji kuhusu mamba na kichocho, hasa karibu na midomo ya mito.

Kama huna siku za akiba, chagua Matema. Kama unazo, kata tiketi hadi Mbamba Bay, urudi kwa lami.