Kimo cha Sakafu na Mafuriko ya Kinkondja

Wanaokadiria hasara za mafuriko wana kipimo ambacho Wamarekani hukiita "first floor elevation". Mfasiri mwenye haraka ataandika "mwinuko wa ghorofa ya kwanza", na maana itakuwa imemponyoka. Kwetu ghorofa ya kwanza hupandwa kwa ngazi. Kwa Mmarekani, sakafu ya kwanza ni ile unayoikanyaga mara tu unapovuka kizingiti. Wakongomani waliosoma kwa Kifaransa nao huhesabu ghorofa kama sisi, kwa hiyo kosa hilo linaweza kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi bila mtu kulistukia. Katika hesabu ya mafuriko, ghorofa moja ni karibu mita 3, na mita 3 zinatosha kuitenga nyumba iliyozama na nyumba ambayo haikuguswa.

Napendekeza tuseme kimo cha sakafu: umbali wa wima kutoka ardhi iliyo kando ya ukuta hadi uso wa sakafu ya chini kabisa wanayoishi watu. Neno mwinuko tuliachie kazi yake iliyozoeleka katika vitabu vya jiografia, yaani kupima kutoka usawa wa bahari. Nyumba moja basi itakuwa na namba mbili. Kimo cha sakafu yake huenda ni sentimita 30. Mwinuko wa sakafu hiyohiyo ni mita mia tano na kitu. Kimo hakihitaji setelaiti. Tena ni neno ambalo watu wa mafuriko wanalo tayari midomoni, maana husema maji yalifika magotini, yalifika kiunoni, yalifika kimo cha mtu.

Hasara ya kuyachanganya maneno haya ilionekana Januari 2024, Mto Kongo ulipofurika. Shirika la njia za maji la Kongo, linalojulikana kwa kifupi RVF, lilisoma mita 6.20 Kinshasa, karibu sana na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961. Taarifa kadhaa zilizosambaa duniani ziliandika kwamba mto umefika mita 6.20 juu ya usawa wa bahari. Kinshasa iko zaidi ya mita 270 juu ya bahari. Namba ile ilikuwa ya kipimo cha mto chenye sifuri yake mwenyewe, na anayeichukua na kuiweka kwenye ramani ya mwinuko atapata jibu lisilo na maana yoyote.

Nimeichagua Kinkondja kwa kuielezea istilahi hii kwa sababu kule maji si mgeni. Mji huo uko kando ya Ziwa Kisale, katika jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo ambalo makao yake makuu ni Kamina, ndani ya bonde pana la Upemba. Mto Lualaba ukishapita Bukama hupoteza kasi. Ardhi imelala karibu tambarare, na mto unajitandaza katika maziwa, mabwawa na mafunjo. Mvua za huku huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Aprili, na maji ya bonde hupanda taratibu, hukaa, kisha hushuka taratibu. Watu wameishi hapa muda mrefu sana. Makaburi ya Sanga, kando ya Kisale, yaliyoanza kuchimbuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957, yanaonyesha wavuvi na wafua chuma waliokaa ukingoni mwa ziwa hili zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Modeli ya hasara ya mafuriko inauliza mambo matatu: maji yatafika wapi na kwa kina gani, kuna nini mahali hapo, na kitu hicho kitaharibika kiasi gani kikipata kina hicho. Swali la tatu hujibiwa kwa mchoro wa kina na hasara: upande mmoja kina cha maji ndani ya nyumba, upande wa pili sehemu ya thamani ya nyumba itakayopotea. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilichapisha michoro ya namna hii kwa mabara yote, Afrika ikiwamo, na imekuwa ikitumiwa sana pale ambapo nchi haina michoro yake.

Angalia nilivyoandika: ndani ya nyumba. Ramani ya mafuriko hutoa kina juu ya ardhi. Kutoka kina cha nje kwenda kina cha ndani kuna hatua moja ya kutoa, na kinachotolewa ndicho kimo cha sakafu. Tuchukulie nyumba mbili zinazopakana, na maji ya sentimita 50 juu ya ardhi. Ya kwanza ina sakafu ya udongo iliyo sentimita 5 tu juu ya uwanja. Ya pili imejengwa juu ya msingi wa mawe wa sentimita 60. Ya kwanza ina sentimita 45 za maji ndani: godoro, magunia ya unga, nyavu, madaftari ya watoto, vyote majini. Ya pili ni kavu. Modeli isiyojua kimo cha sakafu itaziona nyumba hizi kuwa ni kitu kimoja, na itaziandikia hasara ileile. Na kwa kuwa michoro mingi hupanda kwa kasi katika sentimita za mwanzo, kosa la sentimita 30 hapo chini linaumiza zaidi kuliko kosa la sentimita 30 maji yakishafika dirishani.

Marekani walilitatua jambo hili kwa karatasi. Chini ya mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulioanzishwa mwaka 1968, mpimaji aliyesajiliwa hujaza hati inayoonyesha mwinuko wa sakafu, wa ardhi na wa mitambo ya nyumba. Tangu Oktoba 2021 hati hiyo si lazima tena kwa bei ya bima, ila mwenye nyumba anaweza kuiwasilisha ikiwa itampunguzia malipo. Pale ambapo hati haipo, programu ya Hazus ya FEMA, shirika la Marekani la kukabili maafa, hukisia kimo kutokana na aina ya msingi: futi 1 kwa nyumba iliyokaa juu ya bamba la zege, futi 7 kwa nyumba ya nguzo. Makisio hayo yalitokana na majengo ya kule. Kuyapeleka Kinkondja, ambako nyumba nyingi ni za matofali ya udongo na fundi huinua sakafu kadiri ya fedha ya mwenye nyumba na kumbukumbu yake ya maji, ni kubahatisha.

Kuna wanaotumaini kwamba setelaiti zitaziba pengo. Zitasaidia, lakini si kwenye jambo hili. Data za mwinuko zinazotumika zaidi duniani zilikusanywa na chombo cha angani cha Marekani kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na makosa yake ya wima ni ya mita kadhaa. Katika bonde la Upemba kuna tatizo la ziada: mafunjo yanaweza kufika mita 4 au 5, na rada ya chombo hicho huweza kurudi na kimo cha majani badala ya ardhi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walitoa ramani ya dunia iliyojaribu kuondoa miti na majengo kwenye data za namna hiyo, na ni kazi kubwa. Hata hivyo hakuna setelaiti inayoona sakafu chini ya paa la nyasi au la bati. Kizingiti lazima kiendewe kwa miguu.

Na kukiendea si kazi ngumu. Fundi mwashi yeyote ana chombo kinachotosha. Tanzania huitwa pimamaji. Katanga wengi husema nivo, kwa Kifaransa. Kwa umbali mrefu kuna njia ya zamani ya mpira mwembamba unaoonyesha ndani: unaujaza maji bila kuacha mapovu, mmoja anashika ncha hii kwenye alama, mwingine anashika ncha ile mlangoni, na maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja. Alama ya kuanzia iwe kitu kisichotikisika, kwa mfano ngazi ya zege ya kanisa au ya hospitali, ipakwe rangi na kuitwa sifuri ya mji. Kutoka hapo nyumba zote zinaweza kulinganishwa hata kama hakuna anayejua mji uko mita ngapi juu ya bahari. Siku mpimaji mwenye vyombo vya setelaiti atakapofika na kupima alama hiyo moja, vipimo vyote vilivyoanzia hapo vitageuka kuwa miinuko kwa hesabu ya kujumlisha.

Mzee wa nyumba naye ana data. Akiambiwa aonyeshe maji yalipofika, asiulizwe mita. Aonyeshe ukutani kwa mkono, na mkono huo upimwe. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulifanya kazi ya aina hii kwa kutumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa: walichora majengo na mifereji, na wakawauliza wenyeji maji hufika wapi. Kongo ina wataalamu wa kuipokea kazi kama hiyo; kituo cha utafiti wa maji cha bonde la Kongo, CRREBaC, kiko Chuo Kikuu cha Kinshasa na kimeshiriki katika kuupima mto wenyewe.

Lakini istilahi nzuri lazima pia ijue mipaka yake, na Kinkondja inaionyesha mipaka hiyo vizuri kuliko mahali pengi. Mpaka wa kwanza ni udongo. Tofali lisilochomwa likikaa ndani ya maji kwa wiki mbili hulegea, na ukuta huanguka hata kama sakafu ilikuwa juu ya maji. Michoro mingi ilitungwa kwa mafuriko ya saa au siku chache na kwa kuta ngumu. Kwa hiyo kando ya kimo cha sakafu daftari la vipimo lazima liwe na safu mbili zaidi: msingi ni wa nini, na maji hukaa siku ngapi.

Mpaka wa pili ni nyumba zinazoelea. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alipita nchi ya Waluba wakati wa mfalme wao Kasongo Kalombo. Katika ziwa dogo alilolitaja kwa jina la Mohrya aliona vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji, na akaelezwa habari za watu wa Kisale waliokaa juu ya visiwa vya mimea inayoelea. Nyumba ya nguzo inaingia vizuri katika istilahi yetu. Kimo chake cha sakafu hupimwa kutoka kwenye ardhi ya chini ya ziwa. Nyumba iliyo juu ya mafunjo yanayoelea haiingii. Maji yakipanda mita moja, sakafu nayo hupanda mita moja, na hatari yake iko kwenye upepo na mkondo, wala si kwenye kina. Mwenye kuandika modeli akiiwekea kimo cha sifuri kwa kukosa data, ataizamisha nyumba ambayo kwa kweli imepanda na maji. Safu yake iandikwe "inaelea", kwa herufi, ili kompyuta isije ikaihesabu.

La mwisho ni choo. Ukanda wa afya wa Kinkondja ni miongoni mwa sehemu za Kongo ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, na maji ya mafuriko yakifika kwenye mdomo wa choo cha shimo hubeba uchafu hadi kisimani na ziwani. Hati ya Marekani haina safu ya choo, kwa sababu haikutungwa kwa ajili ya watu wenye vyoo vya shimo. Ya kwetu iwe nayo. Fundi akishamaliza kupima kizingiti, azunguke nyuma ya nyumba na mpira wake, apime bamba la choo kutoka sifuri ileile ya mji, na kipimo hicho kiandikwe kwenye mstari uleule wa nyumba hiyo. Hata nyumba ambayo sakafu yake imekaa kavu inaweza kuwa na choo kilichozama, na mganga mkuu wa ukanda anahitaji kuzijua nyumba hizo kwa orodha kabla ya Novemba.