Mtunzi wa Misa Aliyezaliwa Mpala

Mkimwuliza mwalimu wa kwaya ni Misa gani ya Kongo iliyosikika mbali kuliko zote, yaelekea atawajibu: Missa Luba. Iliimbwa mara ya kwanza misioni Kamina, Katanga, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo waimbaji wake, watoto wapatao 45 pamoja na walimu 15, walisafiri hadi Ubelgiji na kuimba katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Brussels. Santuri ikatoka, na jina lililoshikamana nayo likawa la Padri Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji aliyeikusanya kwaya hiyo.

Heshima hiyo aliistahili. Hata hivyo, tuisikilize kazi yenyewe. Maneno ni Kilatini kilekile cha Misa. Sauti ni za nyumbani. Kyrie inafuata mwendo wa kasala, utenzi wa maombolezo wa Waluba. Katika Nasadiki, panapotajwa kusulubiwa kwa Bwana, ngoma inatoa mlio wa kutangaza kifo kijijini. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana. Waimbaji walibuni papo hapo, mmoja akianzisha, wengine wakiitikia. Karatasi ya nota ilikuja baadaye. Sauti ya kiongozi tunayoisikia ni ya Joachim Ngoi. Basi mtunzi ni nani: aliyewafundisha na kuwapanga, au waliozitoa sauti hizo katika urithi wa wazazi wao?

Jibu la namna nyingine lilizaliwa ufuoni mwa ziwa letu. Anayepanda boti hapa Kalundu akafika Kalemie, kisha akazidi kuelekea kusini, ataikuta Mpala. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome iliyojengwa hapo na Wabelgiji, na Mfaransa Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuja kuwalinda watu dhidi ya wateka watumwa. Pamoja na sala, mapadri hao walileta uimbaji wa Kigregori. Joseph Kiwele alizaliwa hapo mwaka 1912, akakulia katika nyimbo hizo, naye hakuishia kuziimba tu. Alikuwa mpiga kinanda, mwalimu wa muziki na mtunzi mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mahali ambapo Padri Anschaire Lamoral, Mbenedikto, aliongoza kwaya ya vijana iliyoitwa Chanteurs à la Croix de Cuivre. Kiwele alitunga Missa Katanga, na jina lililoandikwa juu ya Misa hiyo ni lake, Mkongo aliyeijua nota kama alivyoijua ngoma.

Kwa nini, basi, vijana wengi hawamjui? Nadhani siasa ina sehemu yake. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, Kiwele aliingia katika serikali ya Moïse Tshombe akiwa waziri wa elimu, na La Katangaise, wimbo wa taifa lile, muziki wake aliutunga yeye. Bendera ile ilishuka Januari 1963, na jina la mtunzi likafifia pamoja nayo. Sisi wa Uvira, tulioona majeshi mengi yakipita chini ya milima hii, tunajua jinsi upande aliosimama mtu unavyoweza kufunika kazi zake zote. Mtu anaweza kuukataa wimbo ule bila kuitupa Misa.

Kiwele alifariki Novemba 1961, kabla ya kutimiza miaka 50. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulielekeza kwamba muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada, na mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire. Hakuyaona hayo. Misa yake aliitunga wakati ambapo ngoma kanisani bado ilikuwa jambo la kuombewa ruhusa.